Jicho Kwenye Kitundu

Huku Bukom, mtaa wetu wa mabondia, mtoto akirudi nyumbani analia, mama hamuulizi nani amempiga. Humuuliza, "Na wewe umempiga wapi?" Ndivyo alivyolelewa Ayorkor binti Okpoti, ingawa Mungu alimjalia sura ya upole na sauti ya chini kama ya mtu anayesali. Alipokuwa darasa la tano alimng'oa mwenzake jino pale bombani kwa ugomvi wa foleni, kisha akachuchumaa naye wakalitafuta jino kwenye matope, wote wawili wakilia. Ndiyo tabia yake mpaka leo. Mkono hutangulia, moyo ukafuata.

Baba yake alikuwa mpiga picha wa ndondi. Alimfundisha kazi kwa kamera ya zamani ya mkanda, ambayo nyuma haina kioo chochote. Ukitaka kuona, unabandika jicho kwenye kile kitundu chake kidogo, basi. "Bana viwiko mbavuni," alimwambia. "Zika uso. Ngumi usiipige ikishafika. Ipige inapotoka begani." Akikosea, aligongwa kisogo kwa kifuniko cha lenzi. Baba akaaga dunia, mama naye hakukawia kumfuata, na Ayorkor akabaki na kamera na mdogo wake, Tawia, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa nyuma ya mapacha. Mapacha wenyewe hawakuishi. Ayorkor ndiye aliyemlea, kwa komi, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, na samaki wa kukaanga, kwa picha za harusi na za misiba, na kijana alipoanza kupenda ngumi hakumzuia. Angemzuiaje? Ukitoka mlangoni kwao kushoto kuna jimu, kulia kuna jimu, na mbele kuna watoto wanapigana kwa soksi walizojaza matambara.

Miaka ilipokwenda Ayorkor naye alinunua kamera ya kisasa, iliyotumika, yenye kitundu na yenye kioo nyuma kama televisheni ndogo. Wenzake wote wa pembeni mwa ulingo waliegemea kioo. Yeye alibaki kwenye kitundu, na hilo likawa neno la kumtania kila Jumamosi, hasa kwa Bortey, mpiga picha wa rika lake mwenye tumbo lililokuwa likimtangulia popote aendapo.

"Ayorkor, unapiga picha au unaibusu?"

"Naibusu. Yako imekukataa?"

"Utatobolewa jicho, dada yangu. Mimi nikishika kamera hivi mbele ya kifua, naona kioo, naona bondia anayeniangukia, namwona hata muuza maji. Wewe ukishazika uso huo, hata nyumba ikiungua hujui."

"Ndiyo maana picha zako ngumi zote zimeshapita. Hicho kioo chako kinachelewa. Watu wakinunua kwako wananunua mashavu."

Wenzao walicheka, Bortey akacheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini hata yeye alisema kweli. Wapiga picha wa ndondi huegemea sakafu ya ulingo, vichwa vikiwa chini ya kamba, na bondia akisukumwa kambani uzito wake wote huwashukia. Mwenye kioo huruka nyuma. Mwenye kitundu hajui lolote mpaka kamera imemwingia usoni. Ayorkor alikuwa na kovu kwenye nyusi kwa ajili hiyo.

Sasa yaliyomfika yalianzia kwenye pambano la Pasaka. Tawia alishinda, ila alipigwa chini ya sikio ngumi moja mbaya sana, na tangu siku hiyo hakuwa sawa. Vikombe vilimponyoka. Asubuhi alitapika, akasema ni samaki. Ayorkor alimpiga picha akifanya mazoezi, na pale kwenye kitundu, lenzi ndefu ikimleta Tawia karibu kama mtu anayemnong'oneza, aliona kitu. Tawia alipogongwa kidogo tu, jicho lake la kushoto lilibaki nyuma. La kulia linakwenda kumfuata mpinzani, la kushoto limesimama linatazama kwingine, kisha linarudi. Akiwa amekaa ametulia, macho yote mawili yalikuwa mazima. Hata daktari alipommulika tochi hakuona kosa.

Alimwendea Ataa Lante, mjomba wao, mwenye jimu. Alimkuta akikunja bandeji.

"Mjomba, asipigane tena huyu."

"Amekutuma yeye?"

"Hajanituma. Jicho lake linakwama. Nimeliona kwenye kamera."

Ataa Lante aliendelea kukunja. Mzee yule alikuwa na ukungu machoni, mtoto wa jicho, na alikuwa akiuficha asije akanyimwa kukaa konani. Akimtazama mtu wa hatua chache alimjua kwa sauti. Ayorkor alilijua hilo na hakulitaja, lakini mzee alijua kwamba anajua.

"Pambano la mkanda wa ubingwa limeshatangazwa," alisema mwishowe. "Nikimtoa leo, atakwenda kwa kocha mwingine kesho, tena kocha asiyemjua. Heri afe mikononi mwangu."

"Mjomba! Umesema nini?"

"Mungu anisamehe. Nimesema vibaya." Akaweka bandeji chini. "Sikiliza. Wewe utakuwa karibu naye kuliko mimi. Mtazame. Jicho likikwama ulingoni, likakataa kurudi, usiniite, ngoma zitaimeza sauti yako; njoo uniguse goti. Hapo nitarusha taulo pambano likatishwe, hata kama anashinda."

"Niguse kona? Mimi mwanamke?"

Kwenye jimu ya Ataa Lante huo ni mwiko. Mwanamke wa nyumba ya bondia haigusi kona yake mpaka kengele ya mwisho. Wanasema miguu ya bondia inakuwa mizito kama mchanga uliolowa.

"Niguse goti," alirudia mzee. "Mwiko nitaubeba mimi."

Kwa hiyo siku ya pambano Ayorkor alikwenda ulingoni na kazi mbili, na moja tu ndiyo ilikuwa ya picha. Alisali nyumbani, akasali tena njiani. Tawia alikuwa anapigana na Odai wa Chorkor, mtaa wa mahasimu wetu, mtu mfupi mwenye shingo kama kinu, ambaye mchezo wake ulikuwa kumsukuma mtu kambani na kumvunjavunja mbavu hapo hapo. Jua la saa tisa lilikuwa kali, watu wamepanda hadi juu ya ukuta, ngoma zinapigwa, na wanawake wa Chorkor wanaimba kwamba Bukom leo italala bila mwana.

"Leo Tawia atazaliwa mara ya pili!" mmoja alipiga kelele. "Ila atatua chali!"

"Na wewe leo utarudi Chorkor kwa miguu," alijibiwa, "maana nauli umeweka kwa Odai!"

Raundi za kwanza Tawia alikuwa anacheza. Mkono wake wa kushoto uliruka usoni kwa Odai kama ulimi wa mjusi, na kila ukitua damu ilitoka puani ikanyunyiza turubai. Ayorkor alikuwa ameubandika uso kwenye kitundu, hapigi picha nyingi, anatazama jicho. Linakwenda, linarudi. Linakwenda, linarudi. Bukom yote ilikuwa imesimama.

Kisha Odai alimpata. Alimkumba kwa kichwa, akamsukuma mpaka kambani, upande ule ule aliokuwa Ayorkor, na kamba ikabonyea kwa uzito wa watu wawili. Ayorkor hakuona ikija. Kiuno cha Tawia kiligonga kamera, kamera ikamwingia usoni, na lile kovu la zamani likafunguka kama mdomo. Juu ya kichwa chake alisikia ngumi za Odai zikizama mbavuni mwa mdogo wake, kishindo baada ya kishindo, kama mtu anayepiga godoro lililolowa, na Tawia akitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu utotoni alipoungua na mafuta.

"Kaa nyuma!" Bortey alimvuta bega. "Unachuruzika! Tumia kioo, mwanamke, kwa jina la Mungu! Shika kamera mbali na uso!"

Ayorkor akatumia kioo. Alirudi nyuma, akanyoosha mikono, na raundi nzima iliyofuata aliitazama pale nyuma ya kamera. Ikawa nyepesi. Jua liliosha kile kioo mpaka damu ikaonekana kama maji ya chai. Lenzi nzito ilitikisika mikononi, na ndani yake watu wawili wadogo walikuwa wakirushiana mikono, kama wale wa televisheni ya kinyozi ambao mtu huwatazama huku ananyolewa. Hakusikia tena maumivu yao. Alimwona Tawia akianguka goti moja na kuinuka, na moyo wake haukuruka. Nyusi tu ndiyo ilimuuma. Na jicho la Tawia, kwenye kioo kile, halikuwa hata punje ya mtama.

Kengele ililia. Ataa Lante, akimmwagia Tawia maji kichwani, aligeuza uso upande aliokuwa anakaa Ayorkor.

"Jicho?" aliuliza kwa nguvu.

Ayorkor aliufungua mdomo. Angeweza kusema ni zima. Mzee asingejua, na watu wangeendelea kuimba.

"Sikulitazama, mjomba! Nilikuwa kwenye kioo!"

"Basi toka huko kwenye kioo!" mzee alifoka, na mishipa ikamsimama shingoni. "Nilikuweka hapo utazame sinema?"

Aliirudisha kamera usoni. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshavimba na damu imelijaa, akipangusa inajaa tena. Akahamia la kushoto, ambalo hajawahi kulitumia maishani. Pua ikabanwa kwenye kioo kile kile alichokikimbilia, ikakipaka damu yote, na mkono ukawa haujui pa kukaa. Lakini aliona. Tawia alikuja karibu, mkubwa, na jasho na mate na mdomo uliopasuka, na hofu yote aliyoiacha kwenye raundi iliyopita ilimrudia mara moja.

Tawia alikuwa anashinda. Hilo wote waliliona. Alimpiga Odai ngumi ya tumbo mpaka kinga ya meno ikaruka, akamfuata, akampasua juu ya jicho, na Odai akawa anarudi nyuma akiyumba kama mbuzi aliyekatwa nusu. Bukom ilikuwa inanguruma. Odai akarusha ngumi moja ya mtu aliyekata tamaa, ikampata Tawia chini ya sikio. Haikuwa ngumi kubwa. Tawia hata hakuanguka.

Jicho la kulia lilimfuata Odai. La kushoto lilibaki.

Ayorkor alingoja lirudi. Alisema kimoyomoyo, rudi, baba, rudi. Halikurudi. Lilikuwa linatazama juu ya vichwa vya watu, tulivu kabisa, kama la mtu aliye kanisani.

Akaondoka mbio. Kutoka aliposimama hadi konani palikuwa na watu wa Bukom watupu, vijana wa jimu ile ile, waliomjua tangu wanazaliwa, na walipoona anaelekea konani walimzuia.

"Anti Ayorkor, wapi? Huko hapana!"

"Nipishe, Kpakpo."

"Anashinda! Unataka kumtia uzito miguuni? Mrudisheni huyu!"

Mmoja alimkamata sketi, mwingine nywele. Mtu aliyekuwa ameweka fedha zake kwa Tawia alimpiga kibao kilichomgeuza uso. Na hapo mkono wa Ayorkor ukatangulia, kama kule bombani. Alizungusha kamera kwa mkanda wake, lenzi ile ndefu ikatua mdomoni kwa Kpakpo, na sauti ya meno ikasikika kuliko ngoma. Yule aliyemshika nywele, Ayorkor alimng'ata mkono mpaka akaonja chumvi. Sketi ikachanika, akaiacha ichanike. Alitambaa kati ya miguu ya watu, mtu akamkanyaga vidole, akapita, akanyoosha mkono na kumshika Ataa Lante goti.

Mzee hakuuliza. Taulo ilikuwa imeshatoka mkononi mwake kabla Ayorkor hajapumua.

Mwamuzi aliiona, akaingia kati, akapunga mikono. Ngoma zikanyamaza. Tawia aliitazama taulo pale kwenye turubai kama mtu anayetazama nyoka kitandani kwake, kisha akatazama kona, akamwona dada yake ameshika goti la mjomba wake, sketi imechanika na uso umejaa damu.

"Nani amerusha?" alisema. "Nani? Nilikuwa nammaliza! Wewe mchawi, nilikuwa nammaliza!"

Alimpiga mjomba wake kwanza. Mzee alianguka na kiti na ndoo. Kisha akapitisha mkono kati ya kamba akampiga Ayorkor, ngumi ya bondia, shavuni, huyu huyu aliyemlisha kwa kijiko. Ayorkor alikaa chini. Nyuma yao uwanja ulikuwa umeshalipuka. Viti viliruka, chupa zilipasuka, watu wa Chorkor wakawa wanacheza juu ya meza ya waamuzi na watu wa Bukom wakiwavuta miguu waanguke kisogo. Bortey aliishika kamera yake kwa mikono miwili kama mtoto mchanga na kuwapiga watu mateke ya nyuma, huku akiita, "Ayorkor! Ayorkor, uko hai?"

Tawia alikuwa anataka kuruka kamba ampige tena. Aliweka mguu mmoja juu. Akausahau hapo. Akauliza kwa sauti ya mtoto, "Mbona wamezima taa?" na jua lilikuwa linawaka. Akatapika juu ya glavu zake, akaanguka upande.

Walimbeba juu ya ubao wa tangazo walioung'oa ukutani, Ayorkor na Bortey na mjomba na Odai wa Chorkor mwenyewe, jicho lake moja limefumba, akiwasukuma watu waliokuwa bado wanapigana kwa mabega yake. "Pisheni!" alikuwa akilia. "Pisheni, nimemuua! Pisheni!" Mtu asiyemtambua alimpiga chupa mgongoni. Hakugeuka.

Hospitali walifungua fuvu wakatoa damu iliyokuwa imejikusanya ndani. Daktari, mwanamke mmoja mpole aliyechoka, aliwaambia kwamba damu ile ilikuwa ikiongezeka kila alipopigwa, na kwamba ngumi chache zaidi zingetosha kabisa. Hakusema ngapi, na hawakumuuliza. Ayorkor aliketi kwenye benchi la nje, uso umeshonwa, akisali sala moja tu. Hakuomba Tawia apigane tena wala ashinde. Aliomba arudi akiwa yeye, asirudi mtu mwingine ndani ya mwili wake. Maana Bukom tunao wa aina hiyo. Wanakaa milangoni, wanafutwa mate, na watoto huwaita bingwa.

Tawia alikaa siku nyingi bila kusema neno. Akifungua macho, hatazami kitu. Wakimminya kidole, anakivuta, basi. Ataa Lante alikuja kila jioni akasimama mlangoni, taya limefungwa kitambaa, hathubutu kuingia. Kpakpo naye alikuja, mdomo hauna meno ya mbele, akaleta machungwa.

"Meno yangu hayo, anti," alisema.

"Nitakulipia, mwanangu."

"Sijaja kudai. Nimekuja kukwambia umenipiga vizuri. Sikuona ikija."

Asubuhi moja Ayorkor alikuwa anampangusa Tawia miguu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Tawia alimtazama. Macho yote mawili yalimwendea polepole, yakatua kwake, yakatulia. Midomo ilitetemeka. Ayorkor aliinama asikie.

Tawia alianza kumtukana.

Alianza chini chini, kwa sauti ya kukwaruza kama mchanga, akaendelea kupanda. Alimtukana kwa mkanda alioukosa, kwa taulo, kwa kona aliyoigusa, kwa kamera yake na jicho lake la kijicho. Alitukana goti la mjomba. Matusi mengine hayaandikiki, Mungu atusitiri, lakini yalikuwa yamepangika, moja linashika mkono wa lingine, matusi ya mtu aliyezaliwa Bukom na kusomea Bukom, hakuna hata neno moja lililopotea njiani. Alikumbuka hata jino la bombani, kisa ambacho alihadithiwa tu.

Muuguzi alikuja mbio. "Kaka! Hapa ni wodini! Nyamaza!"

"Mwache, mwanangu," alisema Ayorkor. Alikuwa amekaa chini sakafuni, kitambaa kinamdondokea mapajani, machozi yanamtiririka hadi kwenye nyuzi za shavu. "Tafadhali mwache. Mwache aseme yote."

Na Tawia, kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akavuta pumzi, akaanza upya.